Deni la Msimu: Mume, Mke na Hesabu ya Nyumba Mkoani Tabora

Katika kaya nyingi za mkoa wa Tabora fedha huingia mara moja au mbili kwa mwaka, ilhali matumizi hutoka kila kukicha. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hupata chake masoko yakishafanyika. Mwenye mpunga wa Igunga au Nzega huuza baada ya mavuno. Mfuga nyuki hungoja kurina. Chumvi, dawa, sare za shule na nauli ya bodaboda havingoji. Deni la nyumbani huzaliwa katika pengo hilo, kati ya siku ya kulipwa na siku ya kula, na mume na mke wanaotaka kulimaliza hawana budi kulipima kwanza pengo lenyewe.

Hapo ndipo mafunzo mengi ya bajeti yanapoteleza. Bajeti inayofundishwa kwenye semina imetoka maofisini: mshahara unaingia mwisho wa mwezi, unagawanywa mafungu, mwezi unaofuata kazi inaanza upya. Mwalimu na muuguzi wanaweza kuifuata kama ilivyo. Mkulima akiifuata, mwezi wa Julai atajiona tajiri na mwezi wa Februari atajiona mzembe, na yote mawili si kweli. Kwa Tabora, kipimo cha bajeti ni msimu mzima, kuanzia soko moja hadi soko jingine.

Kuishi kwa mali ya kukopa si jambo geni katika mji wa Tabora. Katikati ya karne ya 19 Tabora, ambayo wasafiri wa wakati huo waliitaja kwa jina la Kazeh, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikaingia Unyanyembe, eneo la Tabora yenyewe, na kuendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Sehemu kubwa ya biashara ya njia hiyo iliendeshwa kwa mkopo. Matajiri wa Unguja, wengi wao wenye asili ya India, waliwakabidhi wenye misafara vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, nyaya na bunduki. Mwenye msafara aliahidi kurudi na pembe za ndovu zenye thamani iliyopita kwa mbali ile mali aliyoichukua, na ziada hiyo ndiyo iliyokuwa malipo ya kusubiri.

Kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa miaka. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip na ambaye baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Tabora, aliingia bara mwaka 1870 kwa mali ya kukopa, na tajiri wake mkubwa alikuwa Taria Topan wa Unguja. Hakurudi pwani mpaka mwaka 1882. Yeye alirudi na pembe za kutosha kulipa na kubakiwa na utajiri, lakini wapo wengine walioishia bara, kwa kuwa kurudi Unguja kulikuwa na maana ya kukutana na mdai. Na deni la misafara halikulipwa kwa pembe peke yake. Watu walitekwa, wakauzwa, wakabebeshwa mizigo ya wengine ili hesabu ya mtu fulani huko Unguja itimie. Historia ya mkopo katika njia hii haina haki ya kusimuliwa bila kutaja jambo hilo.

Ndani ya misafara hiyohiyo kulikuwa na hesabu nyingine, ndogo na ya busara zaidi. Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa kuajiriwa. Kila mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, na wengi walipendelea kusafiri wakati wa kiangazi ili wawahi kurudi shambani kabla ya mvua. Wengi walisafiri pamoja na wake zao. Mke alibeba vyungu, mkeka na akiba ya chakula, akapika, akauza au kubadilishana alichoweza njiani. Posho ya mpagazi, mara nyingi kipande cha kitambaa cha kununulia chakula au kibaba cha nafaka kwa siku, ilitolewa kwa mkupuo wa siku kadhaa. Aliyeimaliza siku ya kwanza alilala njaa au alikopa kwa mwenzake kwa kuahidi posho ijayo. Waliosafiri wawili wawili walikuwa na nafuu, maana mmoja alikuwa akichuma na mwingine akipima, na wote wawili walijua kilichobaki ndani ya kapu. Bajeti ya msimu katika nyumba ya leo inafanya kazi ileile ya posho ya msafara: ni mgao wa siku zinazojulikana idadi yake, kabla ya kufika mahali pa kupata tena.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na biashara ya kubeba mizigo mabegani ikafifia. Mkopo haukufifia, ulihamia shambani. Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi mkubwa wa karanga wa serikali ya kikoloni ya Uingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Mradi huo uliposhindwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, tumbaku ikashika nafasi yake na kuenea katika wilaya jirani. Zao hili haliwezi kulimwa kwa jembe na mbegu tupu. Linataka mbolea, viuatilifu, nyuzi za kufungia, karatasi za kufungashia, bani la kukaushia na kuni nyingi. Mkulima wa kawaida hana fedha ya vitu hivyo wakati vitalu vinapoandaliwa, kwa hiyo huvichukua kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, yaani AMCOS, kwa mkataba na kampuni inayonunua. Siku ya soko mkopo hukatwa kwanza, pamoja na makato mengine, na mkulima hupewa kinachobaki.

Mambo matatu hulifanya deni hili liwe gumu kutabirika. La kwanza ni daraja la jani: kilo ileile ya tumbaku ina bei tofauti kabisa kulingana na inavyopangwa na mteuzi, na jani lililoungua bani linaweza kuondoa faida yote. La pili ni bei, ambayo kwa miaka mingi imetajwa kwa dola ya Marekani, ilhali mkulima hutumia shilingi. La tatu ni dhamana ya pamoja. Wanachama hudhaminiana, na asiyefikisha kilo za kufuta mkopo wake huwaachia wenzake pengo la kuziba. Kaya iliyofanya kazi vizuri inaweza kujikuta ikilipa kwa ajili ya jirani aliyeuza tumbaku yake kwa njia za panya. Haya yote mume na mke hawawezi kuyazuia. Wanaweza kuyajua mapema, na kuacha kutumia kwa mawazo fedha ambayo haijapita kwenye makato.

Hapa pana dosari inayostahili kutajwa wazi. Kazi ya tumbaku hufanywa na nyumba nzima: mke humwagilia vitalu, huchuma, hufunga majani kwenye fito, huamka usiku kuangalia moto wa bani. Uanachama wa AMCOS na akaunti ya benki, hata hivyo, mara nyingi huwa kwa jina la mume. Kila msimu wa malipo husikika malalamiko yaleyale ya mwanamume aliyepokea fedha za mwaka mzima, akapotelea mjini wiki kadhaa, akarudi na simu mpya na mfuko mtupu. Nyumba ya namna hiyo haina tatizo la hesabu tu. Bila ya wote wawili kujua siku ya malipo, kiasi kilichoingia na makato yaliyofanyika, hakuna mpango wa kulipa deni utakaosimama, hata uandikwe kwa wino wa dhahabu.

Juu ya mkopo wa pembejeo hujengeka madeni madogo, na haya ndiyo yanayoumiza zaidi. Kuna daftari la duka la mtaani, ambalo kwa kawaida halina riba lakini lina aibu. Kuna kikundi cha VICOBA, ambacho wanachama hununua hisa kila wiki na kukopeshana kwa faida inayorudi kwao wenyewe mwisho wa mzunguko. Kuna SACCOS, yaani chama cha ushirika cha akiba na mikopo. Kuna mkopo wa simu, unaoombwa kwa kubonyeza namba kadhaa na kukatwa bila kuuliza mara fedha inapoingia. Na kuna kausha damu, jina ambalo wananchi wenyewe wameipa mikopo ya marejesho ya kila siku au kila wiki, yenye riba kali, ambayo mkopaji huambiwa aache kadi ya benki, kitanda, televisheni au hati ya kiwanja.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hawa katika madaraja manne na kuwataka wawe na leseni au usajili. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana, Benki Kuu ya Tanzania imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Mwezi Novemba 2024 ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za kukopesha mtandaoni zilizokuwa zikifanya kazi bila idhini. Kwa hiyo wanandoa wanaodaiwa asilimia 20 au 30 kwa mwezi wana haki ya kuuliza leseni, kudai mkataba ulioandikwa na kupeleka malalamiko Benki Kuu. Namba ya siri ya kadi haipaswi kukabidhiwa mkopeshaji yeyote, awe na leseni au asiwe nayo.

Kazi ya kumaliza madeni huanza na kikao kimoja kigumu, ambacho kila mmoja huyataja yote anayodaiwa. Yote, pamoja na ile elfu hamsini ya shemeji na michango ya harusi iliyoahidiwa kwenye kadi. Ugumu wake hauko kwenye kuandika. Mke anaweza kuwa amekopa kausha damu ili watoto wale, akaficha kwa kuogopa ugomvi. Mume anaweza kuwa amemdhamini rafiki na hakusema. Deni la siri lina gharama ya ziada, kwa sababu anayelificha hulazimika kulilipa kwa fedha ya siri, na fedha ya siri karibu daima ni mkopo mwingine. Ndiyo maana kikao hiki kinafaulu pale tu ambapo wawili wamekubaliana mapema kwamba siku hiyo hakuna atakayehukumiwa. Baadhi ya wanandoa huhitaji mtu wa tatu, kama vile mshenga, shangazi, sheikh, mchungaji au mwenyekiti wa kikundi. Hakuna fedheha katika hilo, ilimradi mtu huyo anajua kutunza siri.

Kuandika deni, kwa jamii yenye Waislamu wengi kama ya mji wa Tabora, kuna uzito wa kidini pia. Aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika Surat al-Baqara, inahusu jambo hilohilo: kuliandika deni na muda wake, mbele ya mashahidi. Aya mbili kabla yake inamtaka mdai ampe muda mdaiwa aliyekwama. Daftari la shule la kawaida linatosha. Kwa kila deni huandikwa jina la mdai, kiasi kilichobaki, riba, siku ya rejesho na kilichowekwa dhamana. Safu ya dhamana isirukwe, kwa sababu deni dogo lililowekewa kiwanja linaweza kuwa la hatari kuliko deni kubwa lisilo na dhamana.

Baada ya hapo linakuja swali la utaratibu: lipi litangulie? Wapo wanaoshauri kuanza na deni dogo ili nyumba ionje ushindi. Ushauri huo una faida yake kwa watu waliokata tamaa, na kumaliza daftari la duka huirudishia familia heshima mtaani. Hata hivyo, palipo na kausha damu, hesabu inataka deni ghali litangulie, na tofauti yake si ndogo. Mfano wa hesabu tupu unaonyesha. Wanandoa wanadaiwa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na shilingi 400,000 kwenye kikundi kwa asilimia 5 kwa mwezi, riba ikihesabiwa juu ya kilichobaki. Kila mwezi wanaweza kutoa shilingi 120,000. Mwezi wa kwanza riba peke yake ni shilingi 60,000, nusu ya jasho lao. Wakigawa fedha hiyo sawa kwa sawa, 60,000 huku na 60,000 kule, baada ya miezi mitatu deni ghali bado litakuwa shilingi 127,200. Wakikubaliana na kikundi kipokee riba yake tu, shilingi 20,000 kwa mwezi, na shilingi 100,000 zote ziende kwenye deni ghali, mwezi wa tatu deni hilo litakuwa limekwisha na watabakiwa na shilingi 18,400 za kupunguzia la kikundi. Fedha ni ileile na miezi ni ileile.

Mazungumzo na kikundi ni sehemu ya malipo. Mdai anayeendewa kabla ya siku ya rejesho, na mume na mke wote wawili, wakiwa na daftari mkononi, huwa msikivu kuliko anayekimbiwa na kuzimiwa simu. Kikundi cha VICOBA kinamjua mwanachama wake na kina nia ya kumwona akirudisha. Duka la mtaani linaweza kukubali shilingi 2,000 kila jioni. Kausha damu ndiye mgumu zaidi, na hapo inasaidia kujua sheria inasema nini kuhusu riba na leseni kabla ya kubisha hodi.

Fedha ya kulipia madeni hutoka wapi, ikiwa nyumba haina mshahara? Hutoka kwenye mgao wa msimu. Siku malipo ya tumbaku au mpunga yanapoingia, kabla ya shilingi moja kutoka benki, wawili huketi na kalenda ya miezi 12. Tuseme baada ya makato yote kumebaki shilingi 3,600,000. Kwa kugawa tu, ni shilingi 300,000 kwa mwezi, na kuiona namba hiyo peke yake hutosha kuzima mazungumzo ya pikipiki mpya. Lakini miezi ya Tabora hailingani. Mvua huanza kuelekea mwisho wa mwaka, na kuanzia Novemba shamba hudai vibarua. Januari watoto hurudi shule. Ada imefutwa katika shule za serikali, lakini sare, madaftari na viatu havijafutwa. Kati ya Januari na Machi, kabla ya mahindi mapya kukomaa, ghala huwa tupu na bei ya nafaka sokoni hupanda. Miezi hiyo inastahili fungu kubwa zaidi, na miezi ya kiangazi, ambayo chakula kipo na vibarua vya kufyatua matofali au kusomba mizigo vinapatikana, inaweza kujitegemea kwa kiasi.

Chakula ndilo fungu la kwanza, na si la fedha. Kaya inayokula kilo tatu za mahindi kwa siku humaliza kilo 90 kwa mwezi, karibu gunia moja. Magunia 12 yaliyohifadhiwa vizuri dhidi ya dumuzi ni mwaka mzima usio na mkopo wa unga. Kosa linalozaa madeni mengi vijijini ni kuuza mahindi Julai kwa bei ya chini ili kulipa deni, kisha kukopa Februari ili kununua mahindi hayohayo kwa bei ya juu. Mkulima wa namna hiyo ameilipa riba mara mbili, na mara ya pili hakuna aliyemwandikia.

Fungu la pili ni la madeni, likitolewa mara moja likiwa bado zima. Hapa fedha ya mkupuo ina nguvu ambayo mshahara hauna: inaweza kuua deni ghali kwa siku moja. Kumlipa mkopeshaji wa riba kubwa siku ya malipo, mbele ya mwenza, na kuchukua risiti, kuna maana kuliko kumpa vipande vipande mwaka mzima. Kinachobaki hugawanywa kwa miezi na kutunzwa mahali ambapo si rahisi kukitoa: akaunti ya akiba, hisa za SACCOS, sanduku la kikundi lenye kufuli tatu na watunza funguo watatu. Simu ni mahali pabaya pa kutunzia fungu la mwaka, kwa sababu fedha iliyo mfukoni husikia kila ombi, na mkopo wa simu uliosahaulika utajikata wenyewe.

Kisha inabaki hesabu ya kila siku, ambayo ndiyo roho ya mpango wote. Katika nyumba nyingi mume huacha hela ya matumizi asubuhi na mke huizungusha hadi jioni. Utaratibu huu umedumu vizazi, lakini una upofu ndani yake: mume hajui kitunguu kimepanda bei, na mke hajui kilichobaki. Dawa yake haihitaji mabadiliko makubwa. Matumizi ya siku huandikwa jioni kwa mistari miwili au mitatu, na mara moja kwa wiki wawili hujumlisha pamoja. Anayeandika awe yule mwenye mwandiko na subira, mwingine asome. Kila mmoja abaki na fungu lake dogo asilohojiwa, la kahawa barazani kwa huyu, la saluni au upatu kwa yule. Bajeti inayomnyima mtu hata shilingi 500 ya hiari yake huvunjwa kwa siri kabla ya mwezi kwisha, na siri ndiyo iliyolea madeni tangu mwanzo.

Michango ya kijamii inahitaji uamuzi wa pamoja. Msiba hauna bajeti, na hakuna anayetaka kuishi mahali ambapo majirani hawazikani. Harusi ni jambo jingine. Kadi za michango hufika kwa wingi miezi ya kiangazi, wakati kila mtu anajua kwamba fedha ya mazao imeingia. Wanandoa wanaodaiwa wanaweza kuweka kiasi kimoja kwa msimu mzima na kukigawa kwa kadi zote, na anayezipokea awe na jibu moja: nyumba imeshapanga. Jibu hilo likitoka kwa mmoja na kukanushwa na mwingine, halina nguvu.

Ndoa za wake wengi, ambazo Sheria ya Ndoa inazitambua, zina hesabu yake. Kila mke mara nyingi ana shamba lake, jiko lake na kikundi chake, na mume huwa kiungo. Kumtaka kila mke afungue daftari lake lote mbele ya mwenzake kunaweza kuleta moto badala ya nuru. Inatosha kila jiko liwe na hesabu yake na mume, na madeni yaliyochukuliwa kwa dhamana ya mali ya pamoja yajulikane na wote, kwa kuwa nyumba ikipigwa mnada haichagui mke.

Kwa wenye mishahara, kama walimu, wauguzi na watumishi wa reli, hatari huja kwa njia nyingine. Mkopo wao hukatwa kabla mshahara haujafika, kwa hiyo hawausikii ukiuma. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka mtumishi abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato, na aliyesomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka alimalize deni la Bodi ya Mikopo. Wanandoa wawili waliofika kwenye theluthi kwa wakati mmoja hawana tena nafasi ya dharura, na hapo ndipo kausha damu hupata wateja wake wenye ajira. Ni salama zaidi mmoja akikopa na mwingine akabaki na mshahara mzima hadi mkopo wa kwanza uishe.

Sheria nayo ina la kusema kuhusu nani anadaiwa nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtakiwa kwa mikataba hiyo. Ndoa peke yake haibadili umiliki wa mali ya mtu. Kifungu cha 59 kinamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji ahakikishe ridhaa hiyo ipo. Mke asiyeitwa kusaini ana jambo la kusema mahakamani. Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama, inapogawa mali, izingatie mchango wa kila mmoja na madeni yaliyochukuliwa kwa manufaa ya wote wawili. Tangu hukumu ya Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani za mke zinahesabiwa kuwa mchango. Kwa kaya ya tumbaku, ambayo mke amekesha bani miaka 15 bila jina lake kuonekana kwenye stakabadhi hata moja, hukumu hiyo ina thamani kubwa. Daftari la pamoja linaonyesha vilevile ni deni lipi lilikuwa la nyumba na lipi lilikuwa la mtu.

Mpango mzuri pia hukwama. Mvua ya mawe hupiga majani, mtoto hulazwa, bei huanguka. Wakati huo kinachotakiwa ni kwenda kwa wadai mapema na kuomba muda, si kufungua mkopo mpya wa kulipia wa zamani. Mkopo wa kuhamisha deni una maana pale tu ambapo riba yake ni ndogo kwa uhakika, kama vile kuchukua kwenye SACCOS ili kumwondoa kausha damu, na deni la zamani likafungwa siku ileile. Wanawake, vijana na watu wenye ulemavu walio kwenye vikundi vilivyosajiliwa wanaweza kuomba mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Fedha hiyo ni ya mradi, si ya kulipia madeni ya nyumbani. Anayeigeuza huwaingiza wenzake wa kikundi kwenye deni lisilo lao.

Deni linapolipwa lote, kazi haijaisha mpaka karatasi zirudi. Mkopeshaji atoe maandishi kwamba hadai tena, arudishe hati au kadi aliyoishikilia, na taarifa kwenye mfumo wa kumbukumbu za wakopaji irekebishwe. Jina la mdhamini nalo lifutwe. Karatasi hizo zikae pamoja na daftari, mahali ambapo wote wawili wanapajua, kwa sababu madeni hayafi na mtu. Katika mirathi, iwe ya Kiislamu au ya kiserikali, msimamizi hulipa madeni ya marehemu kabla ya kugawa chochote kwa warithi. Mjane au mgane asiyejua kilichokopwa hufikiwa msibani na wadai wa kweli na wa uongo kwa pamoja, naye hana cha kuwatofautishia. Mwenye daftari na risiti humlipa anayestahili, na humwonyesha asiyestahili ukurasa ambao jina lake halimo.